Shangazi Mwenye Kamba: Iyangura, Joka na Wasomaji wa Utendi wa Mwindo

Mazoea ya hadithi ya joka yanajulikana na msomaji kabla hajafungua kitabu. Kuna joka, kuna mji ulio hatarini, kuna kijana anayetwaa silaha na kwenda kumkabili mnyama huyo. Akirudi mshindi hupewa ufalme au mke, au vyote viwili. Riwaya ya mwandishi Mmarekani Robin McKinley, The Hero and the Crown, iliyotoka mwaka 1984 na kupata nishani ya Newbery mwaka 1985, iliyapindua mazoea hayo mahali pamoja: kijana anayetwaa silaha ni msichana. Aerin, binti wa mfalme wa Damar, anadharauliwa nyumbani kwao kwa sababu ya asili ya mama yake. Kwa majaribio ya muda mrefu anajifundisha mwenyewe kutengeneza marhamu ya kumkinga na moto, kisha anamuua Maur, Joka Jeusi, na nusura naye afe. Wapenzi wa riwaya hiyo huisifu hasa kwa jambo hilo: mwanamke ameshika silaha kwa mkono wake. Wasioridhika nayo huuliza kwa nini joka linauawa katikati ya kitabu, na kurasa zote zilizobaki ni za nini.

Sifa hiyo na lawama hiyo zina kipimo kimoja ndani yake. Nguvu ya mwanamke katika hadithi ya joka inapimwa kwa kazi aliyokuwa akipewa mwanamume, na hadithi yenyewe inapimwa kwa ukaribu wake na kifo cha joka. Kipimo hicho kinafaa kwa Damar. Kikiletwa mashariki ya Kongo kinaharibu kazi, na mfano ulio wazi kuliko yote ni Utendi wa Mwindo wa Wanyanga.

Matini inayojulikana zaidi ya utendi huo ilitambwa na She-Karisi Rureke mwaka 1956, kwa muda wa siku 12, mbele ya hadhira ya kijijini iliyokuwa ikiimba, ikicheza na kumtuza. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliichapisha mwaka 1969 kwa Kinyanga na kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata Ruth Finnegan alitoa kitabu chake kikubwa juu ya fasihi simulizi ya Afrika, na humo akasema kwamba tendi hazionekani kuwa za kawaida katika bara hili. Basi mjadala mrefu ukaanza, na Mwindo akawa shahidi anayeitwa mahakamani kila mara. Isidore Okpewho alimtumia katika kitabu chake cha mwaka 1979. Hasara ya mjadala ule, kama ilivyo hasara ya kila shahidi, ni kwamba Mwindo aliulizwa swali moja tu: je, wewe ni utendi au si utendi? Waliokuwa wakimtetea walihitaji shujaa anayefanana na mashujaa wengine wa dunia, na shujaa wa namna hiyo walimwona mara moja. Aliyesimama ubavuni pake hakuangaliwa sana.

Aliyesimama ubavuni pake ni Iyangura, dada wa baba yake. Shemwindo, mtemi wa Tubondo, ana wake saba, naye anatoa amri kwamba wazae mabinti peke yao; mtoto wa kiume atauawa. Iyangura amekwisha kuolewa, kwa mahari na kwa makubaliano ya wazee, na Mukiti, bwana wa maji, ambaye ni nyoka mkubwa wa kilindini. Hapa ndipo msomaji aliyezoea riwaya za majoka anapojikwaa kwanza. Joka la kwanza katika utendi huu halikumteka binti wa mfalme. Lilileta posa. Ni shemeji wa mtemi, na mwanamke anayekaa kwake ni mke mwenye watumishi na heshima, ingawa mumewe amemweka chini ya ulinzi wa Kasiyembe, mtu mwenye wivu na mitego.

Mwindo anazaliwa akiwa anatembea na kusema, ameshika usinga wake. Baba anamrushia mikuki, anamzika, na mwishowe anamtia ndani ya ngoma iliyowambwa ngozi na kuitupa mtoni. Mtoto hafi, anaimba ndani ya ngoma, na wimbo wake unataja anakokwenda: kwa shangazi. Wasichana wanaoteka maji wanamsikia, wanapeleka habari, naye Iyangura anakuja na kuipasua ngozi ya ngoma. Tendo hilo ni fupi katika masimulizi na wasomaji hulipita upesi. Lakini katika utendi ambamo shujaa anajifanyia karibu kila kitu, mlango huu wa pili wa kuzaliwa unafunguliwa na mkono wa mwanamke huyu.

Baada ya hapo yanafuata mambo yanayomdhihirisha. Kasiyembe anatega nyembe ili kijana akatwe, na shangazi anamwonya. Kijana anashinda, nywele za Kasiyembe zinawaka moto, maji ya Mukiti yanakauka, na mwenye ushindi hana dalili ya kutaka kuacha. Ni Iyangura anayemwomba atulie na kuwaponya waliopigwa. Anatii. Wanapoondoka kwenda Tubondo kumkabili Shemwindo, ni yeye pia anayeuliza maswali ya mtu mzima: tutalala wapi, tutakula nini, watu wa baba yako ni wengi, kwa nini tusirudi? Wahakiki wengine wameyachukua maswali hayo kuwa woga wa kike uliowekwa ili ushujaa wa mwanamume ung'ae. Usomaji huo ni wa haraka. Kila swali la shangazi linafuatwa na wimbo wa Mwindo unaoleta nyumba, chakula na silaha. Bila swali, wimbo haungekuwa na sababu ya kuimbwa. Anayejua namna fanani na hadhira wanavyojibizana hatashangaa: Iyangura ndiye hadhira iliyo ndani ya hadithi, na shujaa anafanya kazi kwa sababu yupo anayemdai.

Kisha inakuja kamba. Tubondo imeteketezwa na radi ya Nkuba, Shemwindo amekimbilia chini ya ardhi kwa Muisa, na Mwindo anaamua kumfuata. Anampa shangazi ncha moja ya kamba, akimwagiza kwamba siku atakapoona haitikisiki tena, ajue kwamba yeye amekufa. Iyangura anabaki juu ya ardhi, ameshika kamba. Chini huko Mwindo anakutana na Kahindo, binti wa Muisa, mgonjwa wa buba anayelinda njia. Anamwosha vidonda, naye kwa fadhila hiyo anamfunulia hila za baba yake. Muisa anamwangusha kijana, na huku juu kamba inatulia mkononi mwa shangazi, anaanza kumlilia. Kamba inatikisika tena. Sehemu hii ndiyo kitovu cha utendi mzima, wala haina joka.

Wako watakaosema kwamba kushika kamba si kutenda. Hoja hiyo ina nguvu kwa msomaji wa Aerin, na haifai kupuuzwa: Iyangura hapigi mtu, hasafiri kuzimu, hatoi amri kwa radi. Akipangwa katika orodha za wachambuzi wa ngano anaangukia fungu la msaidizi wa shujaa, pamoja na usinga na ndege. Lakini usinga haukai barazani. Mwindo anaporudi na baba yake, watu wanafufuliwa na baraza kuu linakutana, viti vitatu vya shaba vinashushwa kutoka mbinguni: kimoja cha baba, kimoja cha mwana, kimoja cha Iyangura. Anasema mbele ya watu wote na kumshutumu kaka yake kwa kuwabagua watoto aliojaliwa. Ni vigumu kupata msaidizi, katika ngano yoyote, anayepewa kiti cha namna hiyo na neno la namna hiyo. Aliyeketishwa hapo ana haki katika nyumba ya mtemi. Bila yeye upatanisho wa mtu na mwanawe ungekuwa ugomvi ulionyamazishwa tu.

Joka la pili linatokea baada ya hayo yote. Mwindo, sasa mtemi, anatamani nyama ya nguruwe wa mwitu. Wambilikimo wake wanakwenda kuwinda na kukutana na Kirimu, mwenye vichwa saba, pembe saba na macho saba, anayewameza. Mwindo anamuua, na macho yake yanapopasuliwa watu waliomezwa wanatoka wazima kwa maelfu. Msomaji wa riwaya za majoka anafunga kitabu hapo akiwa radhi. Rureke hakufunga. Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, na Nkuba, aliye rafiki wa Mwindo pia, anamchukua shujaa mpaka juu mbinguni, anamtesa mwaka mzima kwa baridi, mvua na jua, na kumkataza asiue tena wanyama wala asijisifu. Kuua joka ni kosa lake kubwa. Na ni jambo la kuzingatiwa kwamba katika sehemu hii Iyangura hayupo. Yule aliyemwambia atulie mbele ya Kasiyembe hakuwapo msituni kumwambia atulie mbele ya Kirimu.

Baadhi ya wasomaji wameiona sehemu hiyo kuwa kiraka, hadithi nyingine iliyoshonewa mwisho wa ile ya baba na mwana. Huenda fanani aliziunganisha. Ndivyo mafanani wafanyavyo, na matini nyingine za Mwindo alizochapisha Biebuyck mwaka 1978 zina mpangilio tofauti, mojawapo ikiwa na Nyamitondo, dada yake Mwindo. Hata hivyo mshono huo una maana. Utendi unaonyesha kwanza nguvu iliyoshikwa ncha ya pili na mtu mwingine, kisha nguvu isiyoshikwa na yeyote, na adhabu yake.

Kwa Kiingereza Kirimu ameitwa dragoni, na jina hilo ndilo lililomvuta katika jamii ya Maur. Kiswahili kina jina lililo karibu naye zaidi, nalo ni zimwi. Shina lake ni lilelile la mzimu, na ki-rimu cha Kinyanga ni ndugu yao. Zimwi humeza watu, nao hutoka wazima, kama Kholumolumo wa Wasotho. Nunda wa ngano za Unguja, aliyemo katika mkusanyiko wa Edward Steere wa mwaka 1870, ni wa mlango huohuo, ingawa alianza kama paka. Mukiti ndiye anayestahili kuitwa joka, naye hakuuawa.

Suala la jina linaelekea moja kwa moja Kasongo na Kabambare. Wanyanga wako Walikale, mbali kaskazini, na lugha yao haisikiki kusini ya Maniema. Mbangubangu wa Kabambare au Mkusu wa Kasongo anayetaka kumjua Mwindo kwa maandishi hupitia Kiingereza, au Kifaransa cha kitabu kingine ambacho Biebuyck na Mateene walikitoa Brussels mwaka 1970, ingawa Kiswahili kimekuwa lugha ya mji wake tangu Kasongo ilipokuwa makao makuu ya Waarabu na Waungwana, kabla haijatekwa na majeshi ya Dhanis mwaka 1893, na Kabambare mwaka uliofuata. Msomaji huyo anapokea joka lililokwisha kufasiriwa na watu wenye majoka yao.

Naye ana urithi wa kusomea ambao wengine hawana. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, katika tawasifu yake ya Kiswahili iliyochapishwa na Heinrich Brode huko Berlin mwaka 1902 na 1903, anaeleza alivyoupata utemi wa Utetela bila kupigana na Kasongo Rushie. Alidai kwamba ukoo wake unatokana na dada wa mtemi, aliyetekwa zamani. Mzee akaamini, akamkabidhi nchi. Hila ilikuwa ya Tippu Tip, lakini imani aliyoitumia ilikuwa ya wenyeji: dada wa mtemi hapotei katika hesabu ya utawala hata akiwa mbali, na atokaye kwake ana dai. Aliyekulia katika nchi ya hadithi hiyo haoni ajabu Iyangura kupewa kiti cha shaba. Ataona ajabu kwamba wasomaji wa mbali hawakukiona.

Yasidaiwe zaidi ya hayo. Utendi ulitambwa na mwanamume, sheria anazotangaza Mwindo mwishoni ni sheria za mtemi, na Shemwindo anawataka mabinti kwa ajili ya mali ya mahari, si kwa mapenzi. Iyangura hakuwekwa humo ili kuwatetea wanawake wote. Amewekwa kama shangazi, na ukali wa cheo hicho unategemea desturi ambazo vita vya mwaka 1998 hadi 2003 na umaskini uliofuata vimezitikisa katika nyumba nyingi za Maniema.

Kwa hiyo tafsiri ya Kiswahili inayomfaa msomaji wa Kasongo itaanzia katika maneno machache. Conga iwe usinga. Kirimu awe zimwi. Iyangura aitwe shangazi kila mahali Mwindo anapomwita hivyo, bila kufupishwa kuwa yeye au mwanamke huyo, na pale kamba inapotulia mstari uachwe peke yake, kama fanani anavyonyamaza kidogo ili hadhira iitazame mikono ya mwenye kuishika.