Lagos Niliyoisomea Kilosa

Sijawahi kufika Lagos. Nalisema mapema ili msomaji asije akanidai baadaye. Lagos yangu niliipata Kilosa nikiwa kidato cha tatu, ndani ya kitabu kisicho na jalada kilichokuwa kikizunguka bwenini mkono kwa mkono. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimenyofolewa. Mwenzangu mmoja ndiye aliyeniambia jina lake: Hamkani si Shwari Tena, tafsiri ya Kiswahili ya No Longer at Ease, riwaya ya Chinua Achebe iliyotoka mwaka 1960, mwaka wa uhuru wa Nigeria.

Zile kurasa zilizopotea zilinidanganya. Riwaya inaanzia mahakamani, Obi Okonkwo akiwa amesimama kizimbani kwa rushwa ya pauni 20, na hakimu akishangaa kijana msomi kama yule amefikaje pale. Mimi sikuyasoma hayo. Nilianza na mtoto wa kijijini anayemsikiliza askari aliyekuja likizo akisimulia Lagos, mji wa taa za umeme na magari, mji usio na giza. Nikadhani nasoma habari ya mtu aliyefanikiwa. Askari wa namna hiyo nilimjua. Kwetu alikuwa utingo. Malori ya kwenda Mbeya na Zambia yalipoegesha Mikumi, tulimzunguka utingo akale huku akituhadithia Kariakoo na daraja la Manzese, na hakuna aliyemuuliza yeye mwenyewe analala wapi akiwa Dar es Salaam.

Neno kidogo kuhusu jina la kitabu. Achebe alilitoa kwenye shairi la T.S. Eliot kuhusu mamajusi waliorudi makwao wakajikuta wageni. Mfasiri akalipeleka baharini. Shwari ni hali ya bahari iliyotulia, ingawa sisi wa bara tuliijua kama salamu tu. Nadhani hapo mfasiri alipata na akapoteza. Alipata mji wa pwani na mawimbi yake, ambao jina la Kiingereza haliutaji kabisa. Alimpoteza yule anayerudi nyumbani, na kwangu mimi huyo ndiye kitabu chenyewe.

Niliyaona hayo baada ya kusoma Lagos za watu wengine. Ryszard Kapuściński, mwandishi wa habari kutoka Poland, alipata kuishi Dar es Salaam mwaka 1962, akaugua kifua kikuu huko huko. Miaka michache baadaye alikuwa Lagos. Katika The Shadow of the Sun anasimulia jinsi alivyokataa kukaa mitaa ya Wazungu akapanga kwenye kichochoro cha watu wa kawaida. Kila akisafiri, nyumba inaibiwa. Mwisho akashauriwa kutundika manyoya ya jogoo mweupe mlangoni, na wizi ukakoma. Ni kisa kitamu, kimesimuliwa na fundi. Wasifu wake uliotoka Poland mwaka 2010 ulizua ubishi mkubwa kuhusu ukweli wa maandishi yake, lakini shida yangu haiko hapo. Hata kama kila unyoya ulikuwepo, yule aliishi Lagos akiwa na mlango wa kutokea. Kichochoro kilikuwa uamuzi wake. Majirani zake anawaona vizuri sana, hali yao ya kukosa kila kitu anaieleza kwa huruma, lakini sikumbuki kumwona hata mmoja wao akipiga hesabu ya mwisho wa mwezi.

Teju Cole yuko karibu zaidi. Every Day Is for the Thief, kilichotoka Nigeria mwaka 2007, ni habari ya kijana anayerudi Lagos baada ya miaka 15 Marekani. Rushwa inamkuta kabla hajapanda ndege, kwenye ubalozi mdogo wa New York, na jicho lake halikosei jambo. Hata hivyo ni jicho la mtu mwenye tiketi ya kurudi. Anaikasirikia rushwa kwa kuwa anaitoa. Haijui kwa upande wa mpokeaji.

Wakazi wa Mikumi tunalielewa jicho hilo. Barabara kuu inakata katikati ya hifadhi, na basi la Iringa likipita abiria wote wanahamia upande mmoja: tembo! Simu zinatoka. Basi likifika mjini wanashuka dakika 15, wanakula chipsi, wanakwenda. Nao wameiona Mikumi, siwezi kuwabishia. Lakini hawakumwona mama yangu mdogo akipanda mahindi mara ya pili kwa sababu wale wale tembo walipita shambani kwake.

Achebe aliielewa tofauti hii, na alikuwa mwaminifu hata alipokuwa yeye mgeni. Alipozunguka Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1960, insha aliyoiandika aliiita maandishi ya mtalii. Alikutana na Shaaban Robert, wakazungumza juu ya uandishi, akapewa vitabu viwili vya mashairi ambavyo hakuweza kuvisoma kwa kuwa Kiswahili hakukijua. Akakiri hadharani kwamba hapakuwa na mgusano wa kweli. Hakujifanya ameiona nchi.

Kuhusu Lagos hakuandika kama mtalii. Ukitaka kujua Obi anaishi wapi hasa, usitazame Ikoyi anakopanga, fuata pauni zake. Umoja wa watu wa kijijini kwake ulimkopesha pauni 800 akasome Uingereza, nao wanataka zirudi ndani ya miaka minne: pauni 20 kila mwezi. Wazazi, pauni 10. Bima ya gari, 42. Kuna ukurasa ambapo anamwagiza mtumishi wake awe anazima friji ili kuokoa umeme, na hapo ndipo niliposimama nikacheka peke yangu, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Manzese, kodi ya miezi sita kwa mkupuo, LUKU moja wapangaji saba, na ugomvi wetu mkubwa ulikuwa juu ya nani ana friji.

Nami nilikwenda Dar kusoma kwa michango ya ukoo. Miaka minne baada ya chuo nilikwenda nyumbani mara mbili tu, na mara zote mbili nilikopa kwa wale wa kausha damu: nauli, mfuko wa sukari, kanga mbili, na bahasha ya baba. Bila hivyo ningeshuka vipi pale stendi ya Kilosa? Watu wangesema mjini nimekwenda kutalii. Nilikaa siku tatu kama mgeni rasmi, nikichinjiwa kuku, nikijibu kwamba mambo ni shwari. Sura ambayo Obi anakwenda kwao na kumkuta mama yake mgonjwa niliisoma nikiwa ndani ya basi la kurudi, tumekwisha pita Dumila. Sikuimaliza.

Kwa hiyo lawama niliyo nayo kwa Achebe ni ya mtu anayempenda. Mfuko wa Obi ameufungua wote, mpaka senti. Mfuko wa umoja hakuufungua. Anatuambia kwamba watu wale maskini walijikamua bila huruma ili zile pauni 800 zipatikane, halafu anawaketisha kwenye mikutano yao tuwacheke: methali zao, ubishi wao, kiburi chao juu ya gari la Obi. Ni vichekesho vya haki, nimewahi kukaa vikao hivyo. Lakini mwanachama mmoja mmoja alitoa shilingi ngapi, na nyumbani kwake walikosa nini mwezi ule? Upande huo wa daftari riwaya imeuacha mtupu.

Baba alipofariki tulilikuta daftari lake chini ya godoro, la kurasa 48, lile la shule. Ameandika majina ya waliochangia ada yangu, kiasi cha kila mmoja, hata aliyetoa debe la mahindi. Mbele ya kila jina kuna alama ya vyema na tarehe. Mimi sikuwahi kumlipa hata mmoja. Baba mdogo alinieleza kwamba alikuwa anauza mpunga kila msimu na kuzungusha deni nyumba kwa nyumba, na bahasha zangu mbili zimo humo, zimeandikwa kwa wino mwekundu, "kutoka Dar", na zimegawanywa kwa watu watano.

Wawili kati yao tulikuwa tumekwisha wazika.