Dakika 15 za Mnazi

Siku ya kwanza hawakugusa kinasa sauti kabisa. Wanafunzi saba walikaa chini ya mwembe hapa Kerege, daftari moja katikati yao, wakitafuta swali. Kipindi chao cha redio ya shule kilipangiwa dakika 15, na mada ilikuwa mnazi. Lakini mnazi una mambo mengi: makuti ya kuezekea, madafu, tui, kumbi za kusokotea kamba, tembo. Mhariri wao, msichana wa kidato cha tatu, aliandika kila pendekezo, kisha akauliza: "Hapo msikilizaji atasikia nini?" Lisilo na sauti lilipigwa mstari. Jua lilipoanza kushuka likabaki swali moja: mkwezi anajuaje ni nazi ipi imekomaa?

Siku ya pili walipanga. Ukurasa uligawanywa safu tatu: muda, anayesema, na sauti inayosikika nyuma yake. Utangulizi dakika 1, shambani 7, jikoni 4, mazungumzo ya wanafunzi 2, kufunga 1. Maneno ya mtangazaji yaliandikwa, yakasomwa kwa sauti, yakapimwa kwa saa ya simu. Kila sentensi iliyomkata msomaji pumzi ilivunjwa mbili. Msomaji wa gazeti akipotea hurudi mstari wa juu; msikilizaji wa redio hana pa kurudi.

Shambani nilifika nao asubuhi, upepo wa bahari ukiwa bado mdogo. "Shikamoo, babu." "Marahaba, wajukuu zangu." Kijana wa kinasa sauti alikivika kipaza sauti kipande cha sponji la godoro, kuzuia upepo, akakishika umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni mwa mzee huyo, mkwezi, upande kidogo, ili herufi za kupuliza kama p zisigonge. Masikioni alivaa hedifoni. Mara mbili aliinua mkono, na wote wakanyamaza: basi la Bagamoyo lilikuwa linapita barabarani. Hakuna aliyenung'unika. Walingoja mngurumo uishe kabisa, ndipo swali likaulizwa upya.

Mzee alipopanda, walirekodi viganja vyake vikikwaruza shina, kisha makuti yakichakarika juu, kisha nazi ikianguka: puu! Ya kwanza ilipiga kwa nguvu mno, sauti ikapasuka. Kijana akapunguza kiwango, akarudi nyuma hatua tano, akaomba nyingine. Ya tatu ndiyo iliyokubalika.

Jibu la swali lao alilitoa aliposhuka. Alikaa kimya kidogo, akaokota nazi, akaitikisa karibu na sikio. Maji yakachezacheza ndani. Akachukua dafu, akalitikisa pia: kimya, kwa kuwa limejaa pomoni. Rangi ya kumbi humwonyesha wapi pa kunyoosha mkono, lakini sikio ndilo linalothibitisha. Nikamtazama kijana wa hedifoni na yule mzee, wote wawili wameinamisha vichwa vyao, wakisikiliza tunda moja.

Nilidhani kazi imekwisha. Mhariri akatuomba tusimame kimya dakika 1 nzima, kinasa sauti kikiendelea. Walikuwa wanarekodi shamba lenyewe, likiwa halina msemaji.

Jikoni hawakukaa sana. Walinasa meno ya mbuzi yakikuna nazi, nazi hiyo ikikamuliwa, tui la kwanza likitiririka kwenye bakuli. Mama mwenye jiko hakuambiwa azungumze; mikono yake ilitosha.

Sauti ya mtangazaji ilirekodiwa katika stoo ya vitabu, magodoro mawili yameegemezwa ukutani ili chumba kisirudishe mwangwi. Walingoja kengele ya mapumziko ipite na uwanja utulie. Sentensi moja ilisomwa mara sita. Mara ya tano ilikuwa safi, ila msomaji alikuwa anasoma. Ya sita alikuwa anazungumza.

Kisha ikaja kazi ndefu kuliko zote. Kwenye kompyuta, katika programu ya Audacity, sauti ilionekana kama milima na mabonde. Mhariri alikata vikohozi, maneno yaliyorudiwa na maswali yaliyoteleza. Pale mkato ulipoacha tundu, alilijaza kwa kipande cha ile dakika ya shamba, na sikio likapita bila kujikwaa. Mwenzake akataka kuondoa pia ule ukimya wa mzee kabla ya jibu. Mhariri akakataa: "Hapo babu anafikiri. Mwacheni afikiri."

Mwalimu wao aliwakumbusha kwamba kazi hii ina wakubwa wake nchini. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vijijini, wakasikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam, kisha wakajadiliana na kuchimba vyoo. Redio ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa mazungumzo baada ya redio kuzimwa. Kwa hiyo kipindi cha mnazi kilichezwa darasani kwa spika, na mzee akaalikwa. Mtangazaji alipofunga, wanafunzi walimuuliza mzee maswali kwa muda mrefu kuliko kipindi chenyewe.

Shule yenye simu moja ya kurekodi inaweza kufanya hivi. Msianze na kipaza sauti. Anzeni na swali moja, na mtu mmoja aliye tayari kungoja basi lipite.