Video ya Mafunzo: Uirekodi Mwenyewe au Umwite Mtaalamu?

Video ya mafunzo haipimwi na mtu anayeijua kazi. Mtafute asiyejua, mwekee video na vifaa vya somo, tuseme kitambaa, zipu na cherehani, kisha nyamaza. Akiirudisha video nyuma mara moja, si neno. Akirudisha mara tatu palepale, hapo ndipo video ilipoharibika, hata picha ing'ae vipi.

Rafiki yangu, fundi cherehani, alimlipa mpiga video wa harusi amtengenezee somo la kuweka zipu ya gauni. Kazi ikaja na muziki, mwendo wa polepole, na fundi anatabasamu. Zipu sasa! Kamera ilikaa mbele yake, kwa hiyo mkono wake wa kulia ukaonekana kushoto. Na pale pini zinapochomolewa kabla sindano haijazifikia, ndipo mhariri alipokata. Tukarudia kwa simu, tumeifunga kwenye stendi juu ya bega lake, ikitazama anachokitazama yeye. Binti wa jirani akaweka zipu jioni ileile.

Lakini simu nayo ina aibu zake, na kubwa ni sauti. Fumba macho usikilize. Ukisikia feni kuliko mwalimu, au mwalimu anasikika kama yuko kisimani, basi simu ilirekodi ikiwa mbali na mdomo. Maiki ndogo ya kubana kwenye kola inaponya hilo. Mimi ningenunua maiki kabla ya kufikiria kamera. Kisha tazama taa: mistari ya kiza inayotembea kwenye picha hutokana na umeme wetu wa hezi 50 kugongana na simu iliyopangwa picha 30 kwa sekunde. Iweke 25. Mpiga video asiyelijua hili usimpe malipo ya awali.

Kuhusu urefu, mtafiti Philip Guo na wenzake mwaka 2014 walichambua vipindi milioni 6.9 vya wanafunzi kutazama video za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni. Zilizoshika watu ni fupi, chini ya dakika 6. Na mwalimu aliyekaa mezani kwake aliweza kumshinda aliyerekodiwa studio kwa gharama kubwa.

Mtaalamu mwite kwa kazi isiyorudiwa, kama kumwaga zege la msingi, ambapo ukikosa picha umekosa. Mwite pia kwa katuni: Ubongo Kids ya Dar es Salaam inafundisha watoto hesabu kwa michoro inayotembea, na hiyo si kazi ya mtu mmoja baada ya chakula cha jioni.

Kabla ya kukubaliana bei, mwombe akuonyeshe video moja tu iliyomfundisha mtu kitu. Akikuonyesha harusi tatu na tangazo la soda, mshukuru, mpe nauli, ukanunue stendi.