Ordinateri Imepanga, Nani Atajibu?

Mapadri wenzangu husema: mashini haina ndugu wala kabila, basi ipange yenyewe. Neno hilo silikubali lote, wala silikatai lote.

Kwa jirani zetu wa Kenya, tangu mwaka 2023, mashini ilipima umaskini wa wanafunzi wa vyuo vikuu, ikawatia katika makundi, na kila kundi na karo yake. Wengi walinung'unika kwamba wametiwa pamoja na wenye mali. Tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu ya Nairobi ilihukumu kwamba mpango huo wapinga katiba. Serikali ikakata rufaa.

Lakini jambo la Boston, katika Marekani, latufaa zaidi, kwa kuwa lahusu saa za masomo. Huko mabasi yale yale huchukua watoto wa shule mbalimbali kwa zamu. Mwaka 2017 wataalamu wa chuo cha MIT walitunga hesabu, iitwayo algoritimu, ya kupanga saa hizo: vijana wakubwa wasianze mapema mno, na feza ya mabasi ipungue. Hesabu ilikuwa bora, nasema wazi. Mwezi wa Desemba ratiba ikatangazwa. Shule nyingi sana zikabadilishiwa saa, na wadogo wengi wakawekewa saa 1 na robo ya asubuhi. Wazazi wakakasirika, na kabla ya Noeli mpango ukaondolewa.

Watu husimulia habari hiyo kama ushindi wa wazazi. Huo ni usomaji wa haraka. Ratiba ya zamani iliwapa watoto weupe saa nzuri kuliko wengine, nayo ikabaki! Wakubwa waliotangaza bila kueleza vema namna walivyopima waliwapotezea maskini haki iliyokuwa karibu. Mashini ilitii tu: mtu ndiye aliyechagua nini kiwe kizito, usingizi wa kijana, feza, au mama anayekwenda kazini.

Sisi wa Bunia hatuna mabasi hayo. Lakini tunajua jengo moja lenye shule mbili, ya asubuhi na ya mchana, na tangu elimu ya bure ya 2019 kalasi zimejaa. Direkta akipanga kwa kalamu, mzazi humkuta mlangoni. Akipanga kwa ordinateri, mzazi yule atakuja vilevile, kuuliza kwa nini binti yake anatoka jioni, giza likiingia. Karatasi ukutani, yenye vipimo vyote kwa Kiswahili, itamjibu nusu. Nusu nyingine ni direkta mwenyewe, akiwa na ruhusa ya kubadili.