Twiga Mweupe Alituficha Nyasi

Ile video ya twiga mweupe uliiona, usikatae. Mwaka 2017, mama na mtoto, weupe kama wamepakwa chokaa, wamesimama vichakani Ishaqbini, upande wa Ijara, kusini mwa Kaunti ya Garissa. Mimi niliituma kwa makundi matatu ya WhatsApp na kuandika chini yake: "Kwetu huku." Kotile ndiko kwa kina mama yangu, na hifadhi ya jamii ya Ishaqbini ni ya watu wa Kotile, Hara na Korisa, kwa hiyo nilijiona mwenye mali. Kwa mara ya kwanza mahali petu palikuwa pametokea kwenye simu ya mtu wa Nairobi bila neno "shambulio" pembeni.

Machi 2020 ikaja habari nyingine. Yule jike na mtoto wake wameuawa na wawindaji haramu, imepatikana mifupa. Novemba mwaka huohuo, dume mweupe aliyebaki akafungwa kifaa cha GPS ili walinzi wajue alipo. Dunia ikahuzunika, halafu ikaendelea na shughuli zake.

Juzi nimerudi kusoma yale yaliyoandikwa wakati ule, na yameniudhi. Shida yangu haimhusu twiga. Weupe wake ni hali ya kijenetiki tu, inayozuia rangi mwilini lakini inaacha macho meusi, na hana kosa. Shida ni uandishi. Katika zile habari kuna aina mbili tu za binadamu: mwenye bunduki anayeua na mwenye bunduki anayelinda. Mtu mwenye mbuzi hayupo. Mama anayebeba maziwa hayupo. Ukisoma habari hizo peke yake utadhani Ijara ni pori lenye twiga mmoja wa ajabu, na sisi wengine tulipita tu tukielekea Lamu.

Na hapohapo, kwenye vichaka vilevile, yuko mnyama ambaye hadithi yake ni kubwa mara kumi. Hirola.

Kama humjui, si lawama. Hirola ana umbo la kongoni, rangi ya udongo mkavu, pembe zilizopinda kama kinubi, na mstari mweupe unaozunguka macho na kuyaunganisha kama miwani. Wazungu walimpa jina la mwindaji: H. C. V. Hunter alimpata mwaka 1888, mwaka uliofuata mwanasayansi Sclater akamwandika vitabuni, na mpaka leo jina lake la kisayansi ni Beatragus hunteri. Katika jenasi yake amebaki peke yake, ndugu wengine wote walishakwisha. Miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa kama 14,000. Leo porini hawafiki 500, na wako kwenye mpaka wa Kenya na Somalia tu, pamoja na kundi dogo lililopelekwa Tsavo Mashariki. Akiisha huyu, tunapoteza jenasi nzima ya mamalia.

Sasa, maandishi bora niliyosoma juu ya hirola hayakutoka gazetini. Ni makala ya kitafiti ya mwaka 2017 katika Journal of Applied Ecology, na mwandishi wake wa kwanza ni Abdullahi Ali, mwana wa Garissa aliyeanzisha mpango wa kuhifadhi hirola hukuhuku nyumbani. Mimi niliacha chuo, kwa hiyo nasoma makala za namna hii kwa simu, pole pole, nikivuta grafu kwa vidole viwili, bila mwalimu wa kunitisha. Na nakwambia, ile makala ni hadithi ya upelelezi.

Kuna maiti: asilimia 98 ya hirola wametoweka. Kuna mshukiwa wa kwanza, sotoka, ugonjwa uliofagia ng'ombe na wanyamapori katikati ya miaka ya 1980. Lakini sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na hirola hawakurudi. Kwa hiyo mshukiwa wa pili: simba, duma, na wenzao. Wanakula hirola, hilo halina ubishi. Watafiti waliwavisha hirola kola za GPS, wakafuatilia wanakokwenda na wanakoepuka, wakaangalia pia hirola waliuawa wapi. Wakakuta kwamba hirola wanaepuka miti. Msomaji unasema, aah, bila shaka, simba anajificha mitini. Lakini vifo havikufuata miti. Hirola alikuwa anauawa popote, penye miti na pasipo na miti. Alikuwa anaikwepa miti kwa sababu nyingine.

Alikuwa anatafuta nyasi. Kwa picha za setilaiti, kati ya 1985 na 2012, eneo lililofunikwa na miti katika makazi ya zamani ya hirola liliongezeka kwa asilimia 251. Yaani palipokuwa na kichaka kimoja sasa pana vitatu na nusu. Na nani alikuwa anaangusha miti zamani? Tembo. Tembo nao walipungua kwa asilimia 98. Ng'ombe wakapungua kwa asilimia 74. Mifugo wanaokula majani ya miti, mbuzi na ngamia, wakaongezeka kwa asilimia 327.

Sisi tuliozoea Nairobi tumefundishwa kwamba mti ni mzuri. Panda mti, piga picha, weka mtandaoni. Hii makala inakwambia, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba pale Ijara mti uliozidi ndio unaomnyima hirola chakula. Sijasoma hadithi fupi mwaka huu iliyonigeuza kichwa namna hiyo.

Nilipokwenda Kotile nilimsomea abti yangu zile namba. Jioni, nje ya duka, chai ya maziwa mezani, mimi natafsiri Kiingereza kwenda Kiswahili na yeye anajijazia Kisomali panapobidi. Nilipofika kwenye ng'ombe alinisimamisha.

"Ngoja. Hiyo sabini na nne, ni ya ng'ombe?"

"Ndiyo, abti."

"Nani alihesabu?"

"Serikali. Kwa ndege."

Akanyamaza kidogo. "Basi walikuwa wanapita juu wakati sisi tunauza."

Ng'ombe wake wa mwisho aliuza mimi nikiwa mtoto, akanunua mbuzi, baadaye ngamia watatu. Siku zote nilidhani ilikuwa akili ya biashara. Kumbe alikuwa ndani ya grafu. Nyasi zilikwisha, ng'ombe hali miiba, kwa hiyo mtu anahamia mnyama anayekula kilichopo. Hirola hawezi kuuza ng'ombe akanunua mbuzi. Anachojua ni nyasi tu. Ndivyo abti alivyomaliza mjadala: "Huyo swala na ng'ombe wangu walikufa ugonjwa mmoja." Hakumaanisha sotoka.

Hapo ndipo naanza kuilaumu ile makala, pamoja na kuipenda. Lugha ya sayansi ina ustadi wa kuficha mtenda. Tembo "walipungua." Walipunguzwa na nani? Kila mtu mwenye mvi Garissa anakumbuka miaka ya 1970 na 1980, bei ya pembe za ndovu, na risasi zilizokuwa zikilia usiku. Miti "iliongezeka." Malisho "yalitumika kupita kiasi." Ni kweli, lakini nani alitumia, alikuwa anakimbia nini, ukame gani, vita gani ng'ambo ya mpaka? Sisemi jarida la ekolojia ligeuke kuwa kitabu cha historia. Nasema kwamba ukiwa na asilimia 74 bila sauti ya mtu, msomaji wa mbali atajaza pengo mwenyewe, na atalijaza kwa yule mfugaji mwenye tamaa anayemjua kutoka kwenye filamu za wanyama.

Ali na wenzake bila shaka waliliona hilo, kwa sababu kuna makala ya pili, katika jarida la Animal Conservation, ambamo waliwauliza wakazi wenyewe: mnataka nyika irudishwe vipi? Majibu yanavunja ile filamu vipande vipande. Watu waliunga mkono kulinda tembo. Waliunga mkono kupanda nyasi na kuzitilia mbolea, na kukata miti. Walichokataa ni kupunguza mifugo. Kuchoma moto nyika na kupasua udongo, wakabaki katikati, si ndiyo si hapana.

Lakini kuna jambo moja mle ndani ningetamani lingeandikwa kwa wino mzito. Waliokaa eneo lile miaka mingi zaidi walikuwa radhi zaidi kuliko wengine kupunguza mifugo, na waliwapenda tembo kidogo kuliko wengine. Fikiria huyo mzee. Ameziona nyasi zilivyokuwa, kwa hiyo anajua mifugo imezidi. Amewaona pia tembo walivyokuwa, kwa hiyo hana hamu ya kukutana nao tena njiani kwenda kisimani. Katika makala, mtu huyu ni tokeo la hesabu. Kwa mwandishi wa hadithi angekuwa mhusika mkuu, na hakuna aliyemwandika.

Kuna andiko la tatu ninalotaka uliweke kando ya hayo mawili, nalo ni la mahakama. Mwaka 1963 hirola walishawahi kuchukuliwa na kupelekwa Tsavo Mashariki. Mwaka 1996 Shirika la Wanyamapori, KWS, likataka kuchukua wengine kwa hoja kwamba kwao si salama. Watu wa Garissa wakaenda Mahakama Kuu, katika kesi ya Abdikadir Sheikh Hassan na wenzake dhidi ya KWS, kumzuia mnyama asiondolewe. Ni kweli kwamba wengine walihamishwa mwaka huohuo. Lakini mahakama ilikubali hoja nzito: kwamba kwa desturi, wenye haki ya kutumia ardhi wana haki pia ya matunda yake, mimea na wanyama wakiwemo, isipokuwa sheria iwe imebadilisha hilo, na kwamba kazi ya shirika ni kumhifadhi mnyama katika makazi yake.

Soma hilo tena ukikumbuka habari za 2020. Watu ambao katika hadithi ya twiga mweupe ni wauaji au walinzi, miaka 24 nyuma walisimama mbele ya jaji kumtetea swala ambaye hakuna mtu Nairobi aliyekuwa amesikia jina lake. Bila mfadhili wa kuwapiga picha. Hilo ndilo tukio kubwa la fasihi ya wanyama wa Kaskazini Mashariki, na limelala kwenye faili la kesi.

Mtu atasema, lakini uzio je? Mwaka 2012 Ishaqbini ilijenga eneo lenye uzio wa kuzuia wanyama wala nyama, wakaingizwa hirola 48, na wakaongezeka. Si hiyo ina maana simba ndiye tatizo? Nadhani inaonyesha kwamba kundi dogo ukilikinga linazaa, na nashukuru limezaa. Ila uzio ni hadithi rahisi kusimulia: ndani salama, nje hatari. Hata picha yake inatoka vizuri. Nje ya uzio ndiko nyika ilipo, ndiko abti alipo na ngamia wake watatu, na hirola wa ndani siku moja watahitaji nyasi za huko kuliko wanavyohitaji waya. Nyasi hazina picha ya kuvuma. Zinachukua miaka, mbegu, mvua, ubishi wa wazee chini ya mti kuhusu nani alishe wapi na lini.

Kwa hiyo ombi langu kwa tunaoandika. Tuache kumngoja mnyama mweupe. Kuna utafiti mzito umefanywa nyumbani kwetu na mtu wa kwetu, na bado umekaa kwa Kiingereza, ndani ya majarida ambayo mtu wa Kotile hana sababu ya kuyafungua. Kuutafsiri haitoshi. Inabidi mtu akae nao pale nje ya duka, asome namba moja moja, anyamaze kila mara mzee anaposema "ngoja", na aandike kinachofuata.

Mimi nimeanza. Abti amenipa masharti mawili: kwanza, nisiandike jina lake, pili, nikiandika ng'ombe wake, niandike idadi kamili. Walikuwa arobaini na mmoja.