Nikon au Canon? Kwanza Nionyeshe Skrubu

Kijana wa dada yangu alifika nyumbani Mikelenge, hapa Kindu, jioni moja amebeba mfuko mweusi wa plastiki. Ndani mlikuwa na kamera mbili za okazio, Canon EOS 1100D na Nikon D3100, alizoachiwa hadi kesho yake na mfanyabiashara aliyekuwa akileta vitu kwa ndege kutoka Goma. Akaziweka mezani kando ya sahani ya sombe.

"Mjomba, Nikon iko na megapikseli 14, Canon iko na 12. Nikamate ya 14, siyo?"

Nikamwambia aondoe kwanza sahani. Mawese na kamera havipatani.

Swali lake analo kila anayenunua apareye ya kwanza, maana hiyo ndiyo namba ambayo muuzaji huitamka kwa sauti. Basi tuimalize mapema. Picha ya Canon ina nukta 4272 kwa 2848; ya Nikon ina 4608 kwa 3072. Ukizichapa kwa nukta 300 kwa inchi, ya kwanza inatoka na upana wa sentimita 36, ya pili 39. Kelele zote hizo ni za sentimita 3. Na hapa Kindu kinacholeta pesa ni picha ya pasipoti, picha ya sentimita 10 kwa 15, na ile moja kubwa ya harusi inayotundikwa juu ya kochi. Kwa 10 kwa 15, megapikseli 2 na ushee zinatosha.

Kamera zenyewe ni rika moja. Nikon ilitangazwa Agosti 2010, Canon Februari 2011, zote kwa ajili ya mtu anayeanza. Zote hupiga picha 3 kwa sekunde, na skrini ya nyuma ya kila moja ina nukta 230,000 tu, kwa hiyo itakudanganya kuhusu ukali wa picha mpaka uifungue kwenye kompyuta. Ukizilinganisha kwenye karatasi utakesha. Zishike mkononi.

Mimi huanza na tumbo. Pindua kamera, tazama skrubu ndogo nyeusi za chini na za ubavuni. Msalaba wa skrubu ukiwa umechunika na chuma cheupe kinaonekana, bisibisi imepita hapo. Huenda fundi alifanya kazi nzuri, lakini muuzaji aliyekuapia kwamba haijafunguliwa tangu kiwandani amekwisha kukuambia jambo moja juu yake mwenyewe. Canon ya kijana ilikuwa na skrubu moja ya namna hiyo, karibu na mlango wa betri. Nikaiweka akilini, nikaendelea.

Baada ya hapo lensi, na hapa usiwe na haraka. Kindu tuko digrii 3 hivi kusini mwa ikweta, mto mbele na msitu mgongoni. Kuvu huota ndani ya kioo kama inavyoota kwenye ngozi ya viatu. Fungua tundu la lensi mpaka mwisho, washa taa ya simu nyuma yake, uchungulie kwa mbele huku unaiinamisha polepole. Chembe mbili tatu za vumbi hazidhuru. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, au weupe kama wa maji ya mchele. Mimi niliwahi kununua lensi usiku, muuzaji mwenyewe akinimulikia. Alimulika kutoka mbele, kioo kikameta kama kipya. Miezi michache baadaye kila picha niliyoipiga nikielekea dirishani ilikuwa kama ina maziwa ndani. Tangu siku hiyo taa naishika mimi.

Kwa kuwa tumetaja mchele: wako watu wanaohifadhi kamera ndani ya mfuko wa mchele ili ukauke unyevu. Mpunga tunao tele Maniema, naelewa kishawishi, lakini mchele una unga, na unga huo utaukuta ndani ya kioo. Chukua kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, tia vile vipakiti vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na lensi uitoe ione mwanga mara kwa mara.

Kisha vumbi la ndani, kwenye kihisi. Chagua Av kwa Canon au A kwa Nikon, funga tundu hadi f/22, vuruga fokasi kwa makusudi, ulenge anga jeupe juu ya mto Lualaba upige. Ikuze picha. Madoa ya kijivu yenye kingo laini ni vumbi, na vumbi linapulizwa kwa pampu ndogo ya mpira, kamwe si kwa mdomo. Madoa ya duara yanayong'ang'ania baada ya kupulizwa huwa ni mafuta au mate, na hayo yanataka fundi. Nikon ina mtambo wa kutikisa vumbi kwenye kihisi; Canon 1100D haina. Kwa mji ambao pikipiki moja ikipita kiangazi inaacha wingu jekundu, hiyo ni tofauti nzito kuliko megapikseli mbili.

Shata ndiyo moyo. Nikon huandika ndani ya faili la kila picha idadi ya mara shata ilivyofyatuka, unaisoma kwa programu ya bure. Canon hii haiandiki. Itabidi uichomeke kwenye kompyuta na kuhangaika. Mimi sitishwi sana na idadi. Naweka kasi ya 1/4000, ambayo ndiyo mwisho kwa zote mbili, nalenga ukuta mweupe uliopigwa na jua, napiga 20 mfululizo. Sikio linasikiliza kama mapigo yanafanana, halafu jicho linakagua picha zote 20. Ukanda mweusi juu au chini ya picha unaonyesha pazia moja la shata linachelewa. Usifanye jaribio hilo chini ya taa za LED, kwa sababu taa zenyewe huchora mistari ukadhani ni kamera. Jioni ile jua lilikuwa limekwisha. Tuliliacha la kesho.

Tukamwita mama jirani aliyekuwa anatoka kwenye kwaya, kilemba cheupe kichwani.

"Mama, tusaidie dakika mbili."

"Mutanilipa?"

"Tutakupa picha."

Akakaa kwenye kiti cha baraza, chini ya taa ndogo ya sola. Uso mweusi na kitambaa cheupe ndio mtihani wa kweli wa kamera kwa kazi zetu. Kila bibi harusi wa mji huu, Kasuku hadi Alunguli, atakuletea mtihani huo. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga yenyewe hukiogopa kitambaa, na uso unazama. Dawa ni kuupima uso peke yake. Nikon ina kipimo cha nukta, unakiweka shavuni kazi imekwisha. Canon 1100D haina. Kipimo chake chembamba kabisa kinashika kama asilimia 10 ya picha, kwa hiyo inabidi usogee karibu, ubonyeze kitufe chenye nyota ili ikariri, ndipo urudi nyuma upige. Siku ya harusi yenye vurugu hatua hizo tatu ni nyingi.

Tukafungua picha kwenye kompyuta. Nilipoinua giza chini ya kidevu, ya Nikon ilibaki safi. Ya Canon ilitoa michirizi ya kulala, kama kitambaa kilichofumwa vibaya. Hapo hakuna ubishi. Lakini rangi ya ngozi ni habari nyingine. Nikon, chini ya taa ile, ilimpaka mama ukijani wa mgonjwa. Canon ilimpa wekundu wa tofali la kuchoma lililonyeshewa. Mama hakuuliza jina la kamera. Akaweka kidole kwenye ya Canon: "Hapa ni mimi." Rangi ya Nikon inarekebishika kwa anayejua, ila wateja hawakusubiri urekebishe.

Juu ya ISO 1600 siziamini zote mbili, hata kama Canon inafika 6400 na Nikon inanyooshwa hadi 12800. Na katika zote mbili tumia kitone cha kati kwa fokasi. Vya pembeni vinapapasa gizani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu linaipa Canon ubingwa. Tangu mwaka 1987 kila lensi ya EF ya Canon yenye fokasi ya kujiendesha ina mota yake ndani. Ukikutana na lensi ya milimita 50 f/1.8 kwenye mzigo wa mtu aliyetoka Kampala, hata iwe nzee kuliko wewe, ifunge kwenye 1100D itafanya kazi. Nikon wana kifungio chao cha lensi tangu 1959, ukoo mkubwa wa kujivunia, lakini D3100 haina mota mwilini. Lensi isiyo na mota yake, kama nyingi zisizoandikwa AF-S, utazungusha kwa mkono huku ukivizia kitone cha kijani kwenye tundu la kuchungulia, na tundu lenyewe ni dogo. Nimeona vijana wakinunua 50 mm yenye herufi D kwa sababu ni rahisi, kisha wanaamini imekufa. Haijafa, haina wa kuizungusha. Kwa D3100 tafuta 35 mm f/1.8 ya AF-S, au usubiri.

Hata lensi ya 18-55 inayokuja na Canon isome vizuri. Iko yenye herufi IS, inayotuliza mtetemo wa mkono, na iko ya III isiyo na herufi hizo wala utulivu huo. Kwa mbali ni mapacha. Ya Nikon tafuta VR.

Betri: Canon hupiga kama picha 700 kwa chaji moja kwa kipimo cha kiwanda, Nikon 550. Ukichajia kwa mtu mwenye jenereta, tofauti hiyo ni pesa. Video: Nikon inarekodi 1080, Canon 720, na hakuna yenye tundu la maikrofoni ya nje, kwa hiyo hotuba ya baba wa bibi harusi itasikika kama imetolewa ndani ya pipa kwa zote mbili.

Kijana akawa ameshaamua Canon. Mimi pia, kwa moyo, nilikuwa huko. Asubuhi tukatoka uani, ukuta wa jirani umepakwa chokaa, jua kali. Nikon ilipiga 20, zote sawa. Canon ilipiga 20. Katika 6 kulikuwa na ukanda mweusi juu, mnene kama kidole. Nikaitazama tena ile skrubu.

Tulimrudishia muuzaji Canon tukabaki na Nikon, ukijani wake na yote. Kijana akamwonyesha zile picha sita. Muuzaji akazitazama kwa makini, akasema hicho ni kivuli cha wingu. Mpwa wangu akatoka mlangoni, akainua uso, akalitafuta hilo wingu muda mrefu.