Chupa ya Jameson Kolo: lebo inajua tarehe, haijui kipimo

Ukienda kuona michoro ya miambani ya Kondoa lazima usimame Kolo, njiani kati ya Kondoa mjini na Babati, maana ofisi ya mambo ya kale iko pale. Nilisimama, nikaingia kibandani kutafuta maji. Kwenye rafu kulikuwa na chupa ya kijani ya Jameson, imejaa asali hadi shingoni.

"Shikamoo mama. Hii chupa umeitoa wapi?"

"Marahaba mwanangu. Waliiacha wageni. Chupa nzuri hii, mfuniko wake sisimizi hapiti."

Basi nikakaa kwenye benchi nikaisoma lebo jinsi tunavyosoma makala ya mwenzetu kwenye semina: neno kwa neno, kwa nia mbaya kidogo. Tarehe: 1780. Jina la familia: John Jameson na mwanawe. Sifa: imekenekwa mara tatu. Na kaulimbiu ya ukoo kwa Kilatini, Sine Metu, yaani "bila hofu". Sisemi lebo inadanganya. Ninachosema ni kwamba inakupa kila kitu isipokuwa kile ambacho mnywaji anapaswa kukijua kwanza.

Tuanze na familia. John Jameson alikuwa Mskoti aliyehamia Dublin, na mtambo wa familia ulikuwa Bow Street. Mwaka 1966 kampuni hiyo ikaungana na wapinzani wake wa Dublin na Cork kuwa Irish Distillers. Bow Street ikazimwa 1971, na tangu 1975 kazi yote inafanyika Midleton, upande wa kusini wa Ayalandi. Mwaka 1988 Wafaransa wa Pernod Ricard wakainunua. Kwa hiyo unaponunua "familia", unanunua jina lililopita mikono mingi. Si dhambi, biashara ndivyo zilivyo. Lakini kumbuka kwamba umri wa jina si umri wa kilichomo ndani. (Vilimani juu ya Kolo wataalamu wanabishana hadi leo kuhusu umri wa michoro ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951. Chupa yenyewe haina wasiwasi wowote: 1780, basi.)

Kuna utamu zaidi. Mwaka 1830 Aeneas Coffey, aliyekuwa ofisa mkubwa wa ushuru wa pombe Ayalandi, alipata hataza ya mtambo wa mnara: mvuke unapanda, pombe inashuka, kazi haisimami. Mtambo wa zamani, ule wa chungu cha shaba, unaupakia, unachemsha, unamwaga, unaanza upya. Mnara ulikuwa wa haraka na wa bei rahisi, na pombe yake ilikuwa laini, haina ladha nyingi. Wakubwa wa Dublin, akina Jameson wakiwemo, waliupinga vikali. Mwishoni mwa miaka ya 1870 walichapisha hata kitabu kizima kusema kwamba pombe ya mnara haistahili kuitwa wiski. Waskoti wakauchukua mnara, wakachanganya pombe yake na ile ya chungu, wakaiteka dunia. Na Jameson ya kawaida ya leo? Ni mchanganyiko wa wiski ya chungu na wiski ya nafaka ya mnara. Jina la familia limekaa juu ya kitu ambacho familia yenyewe ilikikataa kwa maandishi. Hilo lebo haisemi, na mimi naona ndiyo sehemu tamu kuliko zote.

Sasa njoo kwenye "bila hofu". Ayalandi kulikuwa na wapikaji wengine, wasio na lebo. Pombe yao inaitwa poitín, neno linalomaanisha chungu kidogo. Kodi ya pombe kali ilipokuja mwaka 1661, aliyepika bila kulipa akawa mhalifu. Walijificha milimani na kwenye vinamasi, wakapika usiku, wakavizia maofisa kama Coffey. Ni hadi 1997 ndipo serikali ilipokubali poitín itengenezwe na kuuzwa kihalali ndani ya nchi. Zaidi ya miaka 300! Nao walikuwa familia, nao walirithishana ujuzi wa baba na mama. Tofauti kubwa kati ya chungu chao na chungu cha Jameson ilikuwa karatasi ya leseni.

Nadhani umeshaona ninakokwenda. Mwaka huohuo wa 1966 Tanzania ilitunga sheria inayobeba jina la moshi, yaani gongo. Kupika au kukutwa nayo bila leseni ni kosa, na mpaka leo watu wanafikishwa mahakamani kwa sheria hiyo. Uganda ilikuwa imetangulia mwaka mmodi, 1965, kwa sheria ya enguli: mwenye chungu apate leseni na auzie kiwanda, kiwanda kisafishe, kiweke kwenye chupa ya Uganda Waragi. Huku kwetu tuna Konyagi, asilimia 35, inayotengenezwa Chang'ombe, Dar es Salaam, na kaulimbiu yake ya Kiingereza inacheza na neno moja lenye maana ya pombe kali na pia moyo wa taifa. Angalia vizuri: Muayalandi anauziwa familia, sisi tunauziwa taifa. Familia zetu zinazopika hazimo kwenye lebo yoyote. Zimo kwenye jalada la polisi.

Hapo kemia inaingia, na naomba uwe makini hata kama hunywi. Kolo wengi hawanywi, na mimi siku hiyo nilikunywa maji.

Kukeneka ni kuchemsha pombe, kunasa mvuke na kuupoza urudi kuwa kimiminika. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78.3, maji 100. Metanoli, ile sumu inayopofusha, huchemka kwenye 64.7. Kutokana na namba hizo watu wengi, wasomi pia, huamini kwamba metanoli yote hutoka mwanzo, kwa hiyo ukimwaga "kichwa" cha kwanza umepona. Hapana. Tulipofanya zoezi hili shahada ya kwanza, kipimajoto chetu kilikataa kutulia kwenye 78. Kilipanda polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, tukadhani kimeharibika. Kilikuwa kizima. Mchanganyiko hauchemki kwa foleni. Molekuli zinatoka pamoja, kwa viwango vinavyobadilika, na metanoli huandamana na ethanoli kuanzia tone la kwanza hadi mwishoni. Ndiyo maana "mara tatu" ya Jameson, au ile ya Uganda Waragi ambayo nayo hujinadi hivyohivyo, inakueleza kuhusu ulaini na nguvu ya pombe. Si cheti cha usalama.

Kipimo cha kiberiti nacho ni hivyohivyo. Utasikia: washa, ikiwaka bluu ni salama. Kuwaka kunakuonyesha kwamba pombe ni kali, basi. Metanoli nayo huwaka, kwa mwali hafifu wa bluu ambao mchana hauonekani vizuri. Ukiwasha vyote viwili pamoja, jicho lako halitavitofautisha.

Sasa ajabu yenyewe: nafaka na sukari zikichachuka hutoa metanoli kidogo sana. Metanoli ya asili hutokana na pektini, iliyo nyingi kwenye matunda. Vifo vya watu wengi kwa mpigo kwa kawaida huletwa na mtu aliyeongeza metanoli ya viwandani ili apate lita nyingi kwa bei ndogo. Ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia mshipa wa jicho, na dalili huweza kuchelewa nusu siku au zaidi. Mtu analala akidhani ni uchovu wa pombe. Akiamka na macho yenye ukungu, usimngojee apumzike. Hospitali mara moja, na mseme alichokunywa, kwa sababu dawa ipo ila inataka kuwahi.

Kabale, Uganda, mwaka 2010 zaidi ya watu 80 walikufa kwa waragi yenye metanoli. Kenya mwaka huohuo ilihalalisha chang'aa kwa masharti, na bado Mei 2014 makumi ya watu wakafa katika kaunti kadhaa. Huo ni mfano unaonisumbua, maana ningependa kukuambia leseni inatosha. Haitoshi. Chombo kinachoiona metanoli ni kromatografia ya gesi, iliyoko maabara, na kinataka mtu alete sampuli.

Nani ataleta? Kiwanda kitaleta, kina jina la kulinda. Mama anayepika gongo akija na chupa yake kaunta ya maabara amejipeleka mwenyewe kituoni. Hata angekuwa mwangalifu kuliko wote, hata kama aliyeongeza sumu ni dalali aliyenunua kwake, hana mlango wa kuthibitisha. Sheria inayodai kumlinda mnywaji imemzuia mpishi asipimwe. Mimi sidai gongo iuzwe kesho dukani. Nadai sampuli ipokelewe bila kuulizwa jina, jinsi tunavyopima VVU bila kumuuliza mtu aliambukizwa na nani. Tukikataa hilo, tunabaki na kiberiti.

Niliporudi kwa mama nikamtafsiria ile Sine Metu. Akacheka: "Bila hofu, wakati imejaa asali? Hata nyuki hawasemi hivyo." Nilinunua, shilingi nisitaje, pamoja na 1780 yake yote. Sasa iko mezani kwangu, na lebo imeanza kubanduka upande wa tarehe.